Miezi Mitatu Baada ya Maji

Maji yalipanda hadi kwenye swichi ya taa,
yakakaa siku kumi na tisa kama mgeni asiyejua kuaga,
kisha yakaondoka usiku, yakaniachia ukutani
mstari wa tope ulionyooka kuliko pindo zangu zote.

Sikulia. Nilizoa tope kwa koleo la jirani,
nikaitoa cherehani chini ya kitanda, ikitapika mchanga,
nikajaza fomu ya hasara, nakala tatu,
nikampikia mama maharage meusi kwa jiko la kuazima.
Porto Alegre yote ilinuka kama kitambaa kilichosahaulika ndooni.
Majirani wakasema: Jurema huyu ana moyo wa chuma.
Nikaamini.

Chuma nacho hushika kutu.

Agosti, baridi ya huku kusini inang'ata masikio,
nilikuwa naoga, kichwa kimejaa povu,
maji yakagoma kushuka.
Moyo ukasimama, maana tangu Mei
maji yakituama popote, hata kwenye sufuria, nami hutuama.
Nikainama kuzibua bomba.
Zilikuwa nywele zangu:
fundo jeusi, zito,
kama uzi uliochomoka kwenye bobini.

Asubuhi, mtoni, nilihesabu arobaini na saba.
Kazi yangu ni uzi, sikosei hesabu.

Mama akasema ni kijicho.
Valdirene wa saluni akasema maji ya kitunguu,
nikanuka wiki nzima kama supu.
Dada akaninunulia chupa ya mafuta
kwa bei ya mifuko miwili ya saruji,
na nyumba bado haina sakafu.

Daktari Zanatta alivuta kishungi kidogo, taratibu.
Zikaja sita, kila moja na kichwa cheupe kama chembe ya chumvi.
"Mei kulitokea nini?"
Nikamwambia, daktari, zimeanza kung'oka Agosti.
"Nywele hupata habari kwa barua," akasema, "si kwa simu.
Mwili ukitishwa, mashina mengi huzima taa kwa pamoja, yakalala.
Miezi miwili, mitatu, ndipo yanaachia.
Unachookota mtoni leo ni usiku ule wa maji."

Husemwa yaliyopita si ndwele.
Kichwa changu kinabisha.

Ndipo nikalia, kwenye kiti cha plastiki,
mbele ya mtu niliyemjua kwa dakika nane.

Akapima damu: madini ya chuma, tezi ya shingo.
Tezi nzima. Chuma kilikuwa chini
(moyo wa chuma, na damu haina!)
basi vidonge, na chungwa la kuvisindikiza,
maini, mayai, nywele zisikazwe kisogoni.
Dawa ya matone ipo, akasema, hiyo tutaijadili baadaye.
Kwanza ulale.
Nikamuuliza usingizi unauzwa duka gani.

Akanipeleka kwa watu wa Alhamisi,
ukumbi wa kanisa, mduara wa wasiolala mvua ikinyesha.
Pale yupo mzee Adelmo, ndevu zimetoboka
baka la mviringo, sawa na sarafu.
Yeye huchomwa sindano ndogondogo hapo hapo kidevuni.
"Ndevu zimehama," husema, "mimi sijahama."
Tunacheka. Mate inazunguka, chungu, ya moto.
Mvua ikianza hakuna anayenyamaza peke yake.

Sijui ni vidonge au Alhamisi.
Daktari anasema huenda ni muda tu,
kwamba nyingi zingerudi hata bila yeye.
Nampenda kwa kusema hivyo.

Januari nilikwenda kupiga picha ya kitambulisho,
kile cha zamani kilikwenda na maji.
Mpiga picha akasogea na kitana:
"Mama, hizi fupi za kwenye paji zimesimama wima,
nizilaze?"

Nikamshika mkono.
Ziache.
Andika tarehe.